Fundi Aliyemwita Mtoto Redimedi

Mpendwa Mama Elisifa, shikamoo, naomba unishike mkono kabla uchumba wangu haujavunjika, mimi ni fundi cherehani hapa Kiboriloni, nimechumbia binti wa kutoka mji wa Mkuu kule Rombo, anaitwa Yuditha, ana mtoto wa miaka saba, Blessing, na huyo mtoto nampenda kweli, sasa Jumamosi tulipeleka pombe ya mbege kwa wazazi wake, wakaniuliza mtoto nitamlea vipi, nikajibu kwa furaha, "Sina shida, mimi nimepata redimedi," wenzangu wakacheka, lakini baba yake Yuditha, Mzee Aminieli, akaweka kata chini akasema, "Godwin, suruali hii umenishonea wewe, na ulinambia redimedi ni nguo iliyoshonwa bila kumjua mvaaji," basi mbege haikunyweka tena, na mbaya zaidi Blessing alisikia, akamuuliza mama yake redimedi ni nini, Yuditha amesema nikamjibu mwenyewe la sivyo tuachane, sasa mama, mimi nilikuwa nasifia tu, maana redimedi ni kitu kilicho tayari, hakina usumbufu, je, nikimpelekea mtoto gauni zuri la dukani hatasahau? Kushona sina nafasi, nimebanwa na sare za shule.

Godwin, Kiboriloni

Marahaba, Godwin. Ulimi hauna mfupa, ila wako hauna hata futikamba.

Mwenye duka akisema redimedi, anamaanisha vaa uende. Fundi akisema redimedi, anatukana. Miaka yote unawacheka wateja kwamba nguo hiyo ina mabega ya huyu na kiuno cha yule, leo unamvisha neno hilo mtoto wa watu mbele ya babu yake? Eti hakina usumbufu. Usumbufu ameumaliza Yuditha peke yake kwa miaka saba, wewe ukaona kitu kimetundikwa dukani. Na radhi yenyewe unataka kuomba kwa redimedi! Nakuonea huruma, lakini kidogo.

Sare zisubiri. Chuma jani la isale nyumbani kwenu, mpelekee Mzee Aminieli kwa mkono wako, uombe msamaha kama Mchagga aliyelelewa. Kisha kaa na Blessing, wala usimdanganye kwamba ulimsifia. Mwambie, "Ni neno la nguo, nikalitumia kwako, nimekosa." Halafu muulize kama anakutaka uwe baba yake, unyamaze. Akisema hapana, Godwin, hiyo ni hapana, hata kama babu ameshapokea isale.