Neno Lenyewe ni "Haya"

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa kwenye usaili wa mchezo wa kuigiza! Ijumaa asubuhi. Mume anamwambia mkewe anahama, anaongea kurasa mbili nzima, na mke, ndiye mimi, anajibu neno moja tu: "Haya." Basi! Nikacheka — kazi gani hii? Halafu nikakumbuka mwaka jana. Mistari yote kichwani, nikasimama mbele ya wasaili, ulimi ukaganda.

Jumanne, 4 Machi

Haya. Haya! Haayaa. Nimeisema mbele ya kioo mpaka imekuwa kelele tu. Kaka ananisomea maneno ya mume, mdomo umejaa mkate. Eti utadhani naagiza soda. Mshenzi! Lakini kweli.

Jumatano, 5 Machi

Leo kazini, mapokezini kwa daktari wa meno, nilikuwa nasikiliza tu. Mgonjwa kaambiwa jino ling'olewe: haya, huku anameza mate. Daktari kwa msaidizi wake: haya, yaani fanya haraka. Kumbe tunaisema kutwa! Kila mtu anaiweza isipokuwa mimi.

Ruhusa ya Ijumaa nimepata. Bado kumwambia mama. Yeye uigizaji anauita upuuzi wa watu wasio na kazi. Na siwezi kumtoroka, tunaishi nyumba moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo. Nikasema kesho siendi kazini, naenda usaili, safari hii naitaka kweli, mama, niombee. Hakuinua macho. Akalinganisha mikono ya shati.

"Haya."

Nikaenda chumbani, nikalia. Kaka akaja mlangoni akanong'ona: ndiyo hiyo! Nikamtupia mto. Kaniudhi — na amesema kweli.

Nguo nimepiga pasi. Kesho kahawa hakuna. Nilale mapema, kama usingizi utakubali.

Ijumaa, 7 Machi

Niko kwenye benchi, koridoni. Mwandiko gani huu! Nilifika mapema, nikapumua taratibu. Nikaingia. Aliyesoma ya mume akamaliza maneno yake. Sikuinua macho. Nikaisema ya mama.

Mwongozaji akauliza nimeitoa wapi. Nyumbani, nikasema. Akatabasamu. Eti vizuri sana, sasa aisikie nyingine: ya furaha, ya mtu aliyekubali kwa moyo wote. Nitoke kidogo nijiandae, wataniita.

Natafuta sauti ya mama akiisema hivyo. Nilipofaulu shule? Nilipopata kazi? Nakuna kichwa — sina. Sijawahi kuisikia.

Mlango umefunguliwa, wanatafuta jina langu. Nimewaonyesha kidole, subirini. Nampigia mama. Inaita.