Kifutu Chini ya Kitanda cha Wakwe

Jumapili, mwezi wa tatu. Buhongwa, jioni. Mawingu yamefunga toka asubuhi na mvua haitaki kushuka. Mikono yangu inanuka damu ingawa nimeinawa kwa sabuni ya unga, kwa limau, kwa majivu.

Nina hasira. Naanza na hiyo, nisije nikajifanya mtu mpole humu ndani.

Mnaonisoma mnazijua Jumapili zangu. Wenzangu wakitoka kanisani wanakwenda kula sato, mimi napanda mawe ya milima yetu hii nikitafuta nyoka. Wenye sumu hasa: swila, koboko, fira. Nikimpata nampiga picha, namtambua kwa jina lake, namwacha aende zake. Siku za kazi nashona sare za shule. Majirani walishasema yote ya kusema, kwamba mimi ni mchawi, kwamba nina kichaa, kwamba mke wa Masanja amekosa kazi ya kufanya. Wakae na maneno yao. Sijawahi kuua nyoka hata mmoja wala kusimama nikiangalia anauawa, na jambo hilo nilikuwa najivunia mpaka leo mchana.

Asubuhi picha iliingia kwenye grupu la familia. Aliyeituma ni Lukas, mdogo wake mume wangu, anayeishi na mama yao ng'ambo ya ziwa, mbele kidogo ya Kamanga. Nyoka mnene amejikunja chini ya kitanda cha marehemu baba mkwe wangu, amenyunyiziwa unga wa mtama mgongoni.

Mzee tulimzika mwezi wa kumi na moja. Kwa watu wetu, chatu akiingia nyumbani baada ya msiba haguswi. Ni mwenye nyumba amekuja kuangalia watu wake. Anasalimiwa, ananyunyiziwa unga, anaachwa mpaka aondoke mwenyewe. Unga ule alikuwa amenyunyiza mama mkwe.

Masanja alikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi, machozi yanamlenga. "Ni Mzee," akasema.

Nikamnyang'anya simu, nikaikuza picha. Kichwa kipana, shingo imebanwa, mwili mfupi uliojaa. Pale unga ulipokosa kufika, mgongo ulikuwa na alama zilizochongoka, moja nyuma ya nyingine, zote zinaelekea mkiani. Chatu wapi!

Nikaandika: Huyo ni kifutu. Ana sumu. Mtoeni Mama, fungeni mlango, msimguse.

Niwe mkweli. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Kifutu mkubwa namna ile sikuwa nimewahi kumpata, na moyo ulinidunda kwa tamaa ya kumwona kwa macho yangu. Kumbe mama wa watu alikuwa kitandani juu yake, mimi nawaza picha.

Lukas, ambaye ameokoka na anataka kila mtu ajue, akajibu kwamba awe chatu awe kifutu, ni shetani tu, na akitoka ibadani anamchoma kwa petroli. Masanja akajibu kwamba atakayemgusa Mzee atamvunja mkono. Katikati ya matusi yao Lukas akadokeza jambo moja kama vile halina uzito: Mama amegoma kutoka. Amelala humo humo, yeye juu ya kitanda, nyoka chini.

Nikachukua fimbo yangu yenye kulabu, mabuti, na ndoo ya rangi yenye mfuniko nilioutoboa matundu. Tukawasha pikipiki.

Kwenye kivuko ndugu hawa waliendelea kutukanana kwa simu mpaka mama mmoja muuza dagaa akamwambia mume wangu ashushe sauti, kuna watoto. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa. Nilikuwa nawaza pazia.

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuvuka pazia la chumba kile. Mkwe wa kike haingii chumbani kwa wakwe zake. Hagusi kitanda chao. Mzee nilikuwa namsalimia nimepiga magoti, macho chini, na akipita njiani nampisha mpaka majanini. Sasa nyoka, ambaye nusu ya familia inasema ndiye Mzee mwenyewe, yuko chini ya kitanda hicho hicho, na mtu pekee anayejua kumtoa ni mimi.

Tulipofika, majirani walikuwa wamejaa uani na mawe mikononi. "Nzoka! Nzoka!" watoto wanaimba. Nikapiga magoti nje ya pazia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Mama Neema. Mmefika salama?"

Sauti imetulia kama ya mtu anayechambua maharage. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona. Amekaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja juu, mchi wa kinu umelala mapajani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mchi, na vile vidole viwili visivyokunjika vimesimama peke yao. Nilipoolewa niliambiwa aliteleza kisimani vikavunjika. Msibani watu walisimama mmoja mmoja wakasema Mzee alikuwa mkali lakini mtu wa haki, na Mama aliitazama miguu yake.

Nikamweleza Masanja cha kufanya: mama atoke kwa upande wa mlango, yeye ashike fimbo hivi, asogee hivi. Mume wangu, mtu wa kubeba magunia, alinirudishia fimbo. Si kwa woga wa nyoka. Alikuwa anasema hawezi kumchokoa baba yake kwa chuma.

Hapo Lukas akaingia. Shati jeupe la kanisani, panga mkono mmoja, chupa ya petroli mkono wa pili.

Sitaipamba. Masanja alimpiga kichwa kabla hajafika mlangoni. Lukas akadondosha chupa, akamrudishia ngumi ya mdomo, na damu ikaruka mpaka kwenye gauni langu. Walipigana mle sebuleni kama watu wasionyonya ziwa moja. Picha ya Mzee ilidondoka ukutani, wakaikanyaga. Nilimkamata Lukas shati nikamvuta kwa nguvu zangu zote, likachanika, akanisukuma nikagonga kabati. Nikamtukana tusi ambalo shemeji hatukanwi. Silijutii.

Akapenya pazia. Mama akanyoosha mkono kumzuia, Lukas akamsukuma, kisha akainua mkono juu ya mama yake. Mkono ukabaki hewani.

"Piga," Mama akasema. "Umefanana naye kwelikweli."

Lukas hakupiga. Aligeuka, akainama, akaingiza panga chini ya kitanda kwa hasira ya mtu aliyeaibika. Nikasikia kifutu akijaza pumzi, ule mfoko mzito, na nikapiga kelele aache. Kifutu mtu humwona mvivu kwa sababu hatembei haraka. Kuuma anauma haraka kuliko jicho. Lukas akarudi nyuma ameshika kiganja na kulia kama ndama, na panga likabaki sakafuni.

Masanja, ambaye dakika ile alikuwa anatema damu ya mdomo aliopasuliwa na mdogo wake, ndiye aliyembeba kwenda nje.

Jirani mmoja alishatoa wembe amchanje, mwingine anafungua mkanda amfunge mkono. Nilimpiga yule wa wembe kofi. Mtu mzima, mbele ya mke wake. Nikawaambia wasikate, wasifunge, wasinyonye, mkono atulie na mgonjwa asitembee, apelekwe hospitali sasa hivi. Wakampakia kwenye pikipiki ya jirani, mmoja mbele mmoja nyuma. Jioni hii wamepiga simu: mkono umevimba mpaka begani, amepewa dawa, wanasema atapona.

Nikarudi mlangoni. Nikasimama mbele ya pazia na fimbo yangu, na niseme ukweli, nilishindwa kuvuka. Nyoka siwaogopi. Nilikuwa naogopa chumba.

"Ingia," Mama akasema.

"Mama, humo mimi siwezi."

Akaushika mchi. Kisha akainama kuelekea chini ya kitanda, akasema kwa sauti kubwa, "Mzee, mkweo anaingia. Utake usitake."

Nikaingia.

Nilimkuta kifutu amejibana pembeni ya ukuta, karibu na viatu vya Mzee. Nilipiga goti, nikapitisha kulabu chini ya tumbo lake, nikamvuta polepole. Alirusha kichwa mara kadhaa, meno yakagonga chuma. Alikuwa mzito isivyo kawaida, na mkia wake mfupi ulikatika ghafla baada ya tumbo, kama ulivyo wa majike. Jike, na amenona sehemu ya nyuma. Nikajua ana mimba. Nikamtia ndooni, nikafunga mfuniko, na kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kumwachia, kwenye mawe mbali na mashamba.

"Mpeleke uani," Mama akasema. "Nataka kumuaga."

Masanja akalia aliposikia neno hilo. Nilidhani naona mjane anamuaga mumewe, na nikaona nisimnyime.

Niliwasogeza majirani wote nje ya ua. Nikafungua mfuniko, nikamwinua kifutu kwa kulabu, nikamlaza kwenye udongo mweupe. Unga bado ulikuwa mgongoni. Mama alikuja kwa hatua za taratibu, mchi mkononi, nikadhani anautumia kama fimbo ya kutembelea.

Pigo la kwanza lilivunja mgongo.

"Hili la kisimani," akasema. Hakupaza sauti.

Akainua tena. "Hili la mimba ya pili."

Akainua tena. Mimi nilikuwa karibu. Kulabu ilikuwa mkononi, ningeweza kumzuia kwa kumshika tu kiwiko. Kifutu alijipinda, akafungua mdomo, akauma mchi, akauma udongo, akajiuma mwenyewe. Mama alipiga kama anavyotwanga mahindi, mwili wote unashuka na mchi, na kila pigo alilipa jina. Mengine sitayaandika, ni yake. Mengine niliona Masanja anayajua, maana kila jina aliziba masikio kabla halijaisha.

Sikumzuia. Nimekaa na jambo hilo jioni nzima na bado naona sikutaka kumzuia.

Alipochoka akaegemea mchi, akihema. "Mlidhani namlinda?" akatuuliza. "Unga nilimmwagia ili msimguse. Chini ya kitanda mchi haufiki. Nilikuwa namngoja atoke."

Alikaa miguu juu toka asubuhi akimvizia.

Nikaangalia chini. Tumbo lilikuwa limepasuka, na kwenye udongo palikuwa na vitoto, vyembamba kama vidole, vimezaliwa kwa mchi, viwili vitatu bado vinajinyonganyonga. Kifutu hatagi mayai, huzaa. Masanja aliviona. Tukatazamana. Nikageuza ndoo haraka nikafunika vyote.

Mama aliinua kichwa. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

"Mama Neema, wewe ndiye unayewajua. Huyu alikuwa dume?"

Katika shughuli hii yangu nina sharti moja tu. Simdanganyi mtu kuhusu nyoka. Watu wananitumia picha wakiwa wamelia, wakiwa wameumwa, wakiwa na mtoto mikononi, na nikisema ni swila ni swila, nikisema sijui, sijui. Nimegombana na wachungaji, waganga na mume wangu kwa ajili ya sharti hilo.

"Dume, Mama," nikasema. "Dume kabisa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nilijua."

Akaenda kuosha mchi, akausugua kwa mchanga mara mbili, kwa sababu kulikuwa na mahindi ya kutwanga. Sisi tukachimba shimo nyuma ya zizi, refu kupita kiasi. Vile vilivyokuwa vinajinyonganyonga nilivimaliza mwenyewe kwa kisigino cha buti. Visingeishi. Ndiyo, nimeua.

Tulipoaga, nilipiga magoti kama kawaida. Mama akaniinua kwa mkono ule wa kushoto, akanipeleka mpaka kwenye pazia, akalikusanya lote upande mmoja na kulifunga fundo.

"Leo," akasema, "nalala katikati ya kitanda."

Kwenye kivuko Masanja alisimama karibu na pikipiki, mdomo umevimba, haniangalii. Tulipokuwa tunakaribia mjini ndipo akafungua kinywa. "Usije ukamwambia Mama," akasema. Nikamjibu sitamwambia. Baada ya kitambo akasema tena, kama anajisemea, kwamba la kisimani alikuwepo, alikuwa mdogo, alikuwa amebeba ndoo.

Sasa wenzangu wa grupu la nyoka, ambao asubuhi niliwatumia ile picha, wananiuliza yule wa Kamanga aliishia wapi. Nimewaandikia: kifutu, jike, mwenye mimba, ameuawa. Wamenijibu kwa nyuso za huzuni, na mmoja ameniuliza nilikuwa wapi mimi wakati anauawa.

Nilikuwepo. Na Mama akiniuliza tena kesho, au siku ya kufa kwake, nitamjibu vilevile: dume.