Hesabu Niliyoikosea ya Mimba ya Wifi Secilia

Ntobeye, Ngara
7 Machi 1999

Mpendwa kaka Thobias,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje huko Kahama? Sisi wazima, ila tumechoka. Tangu wakimbizi wajae huku kuni za karibu zimekwisha, tunazifuata mwendo wa saa mbili. Mama mgongo unamsumbua.

Kaka, naona aibu kuandika haya, lakini kosa ni langu.

Wifi Secilia alificha mimba kama wanawake wa hapa wanavyoficha, mpaka tumbo likaonekana lenyewe. Hospitali ya kambini alikwenda katikati ya Februari, wakampima kwa mashine ya ultrasaundi. Karatasi ilisema wiki thelathini na nne. Mama akanipa niisome, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne. Nikahesabu kurudi nyuma kwenye kalenda ya kanisa, nikaondoa zile wiki mbili za mwanzo ambazo mimba huwa haijaingia, kama tulivyofundishwa shuleni, nikasema mimba iliingia mwanzoni mwa Julai. Wewe uliondoka Juni ishirini. Ndipo mama akamtuma Taufiki, yule mfanyabiashara wa Ngara mjini, akuletee maneno.

Jumanne Taufiki kaleta jibu lako, kwamba wifi arudi kwao kabla hajajifungua. Hakulia. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaendelea kumenya ndizi.

Alhamisi nilikwenda hospitali ya kambini peke yangu. Nilikaa kwenye benchi hadi mchana, naogopa kuuliza kama karatasi inaweza kukosea. Nesi Joan akanicheka, "Binti, mimba ni yako?" Watu wote wakageuka. Nikamwonyesha karatasi.

Akasema, "Mwanangu, mashine haioni siku mimba ilipoingia. Inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, halafu inakisia umri. Mimba ikiwa changa, haikosei sana. Ikishakuwa kubwa hivi, watoto hawalingani tena. Inaweza kukosea hata wiki tatu, mbele au nyuma. Nani kakutuma kuhesabu?"

Wiki tatu zinarudi hadi katikati ya Juni, ulipokuwa bado hapa nyumbani. Na wifi aliugua malaria mara mbili. Nesi anasema huenda mtoto ni mdogo kuliko umri wake kwa sababu hiyo.

Nimemweleza mama. Anasema neno lako ndilo litakaloamua. Naomba usimrudishe mtu kwao kwa hesabu yangu.

Nisalimie Anatoli unayeishi naye. Mama na bibi Marsiana wanakusalimu. Mungu akulinde kazini.

Uchungu ukianza kabla hujajibu, nitamsindikiza mimi hospitalini. Wakiuliza jina la baba, nitaandika lako.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Esperansia