Siku Niliyomsemea Zaina

Mchumba wangu Rehema,

Kuanzia Handeni hadi huko kwenu Korogwe hajazaliwa wakili wa kunishinda maneno, na shule niliachia darasa la nne. Bibi yako hajambo, anamsalimu mke mwenzie. Mbuzi kazaa mapacha.

Umeniuliza uanzeje kumtetea mteja wako asiyeona. Haya, msikilize mwalimu wako.

Dada yangu Zaina, binti wa baba mkubwa, polio ilimchukua miguu akiwa mtoto. Anatembea kwa mikono, kandambili kazivaa viganjani. Baba mkubwa alipofariki, kaka zake Zaina walilitaka shamba alilorithi dada yao. Wakasema barazani, "Huyu atalimaje na miguu hana?"

Nikasimama, kijana mwenye suruali ya kuazima. "Wazee shikamooni. Hapa nani analima kwa miguu?"

Baraza lote likacheka. Nikawakumbusha kwamba Zaina hulima amekaa, na mahindi yake wote tumeyala. Muda wote yeye ananivuta suruali, nami nadhani ananitia moyo, nikazidi kusema.

Mwenyekiti akaamua, "Shamba ni la Zaina. Wewe mwenye mdomo utakuwa msimamizi wake." Nikashukuru kwa mikono miwili.

Njiani Zaina akaniambia, "Kaka, nilichokosa ni miguu. Mdomo ninao."

Basi mke wangu, muulize kwanza mteja wako anataka kusema nini. Sisi kesi tulishinda. Lakini Zaina sasa ana wajukuu, na akitaka kukodisha hata kipande cha shamba lake, kijijini bado wanamwambia, "Kamlete msimamizi wako."

Babu yako