Nani Anakata Intaneti Mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi na watoto, na nina imani kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kimekuachia. Sisi hatujambo. Jicho la mama limepona sawasawa, kiasi kwamba sasa anaona vumbi juu ya kabati mahali ambapo mimi naona kabati tu, na kila asubuhi ananiita nije nishuhudie. Paa halivuji, na yule jirani wa kushoto bado anapigilia misumari ukutani kila Jumapili, sijui anatundika nini kisichokwisha.

Utashangaa kupata karatasi badala ya baruapepe, maana uliponifungia kompyuta hii ulinipiga marufuku kununua stempu tena. Lakini ninachotaka kukueleza kina mkia mrefu, na mama mwenyewe amesema mambo ya namna hii hayapitishwi kwenye mashine inayolia kama bata anayekabwa koo. Kwa hiyo tafuta kiti. Nataka nikueleze tangu mwanzo jinsi nilivyoligundua, usije ukadhani nimekurupuka.

Nilikuandikia kwamba intaneti inanikatikia, nawe ukajibu kwa maneno mawili tu, nikague waya. Kazi yangu unaijua. Napanga kurasa za vitabu vya yule mchapishaji, kisha namtumia kwa baruapepe. Kurasa zenye picha ni nzito. Modemu inapiga namba, inapiga kelele zake, inashika, kurasa zinaanza kwenda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani, na zikikaribia kufika juu, laini inakatika. Unaanza tena kutoka chini. Mchapishaji akawa ananiuliza kwa upole kama siku hizi nina mtu mwingine ninayemfanyia kazi. Upole ule ndio ulionitia hofu. Mtu akikufokea bado anakuhitaji.

Nilichokiona kwanza ni kwamba haikatiki ovyo. Asubuhi inashika vizuri hata ukiisahau. Ni mchana, tukishakula na vyombo vikishaoshwa, ndipo inapoanza vituko. Nikajiuliza, waya unajuaje saa?

Hata hivyo nilikutii, nikaukagua. Ule waya wa simu unaotoka sebuleni kwenda mezani kwangu ulikuwa unapita chini ya mlango, na mlango ulikuwa umeutafuna mpaka umekuwa bapa kama utambi. Nikanunua mpya, nikaupitisha juu ya fremu na kuubana kwa vibanio vya waya. Nilijiona fundi. Siku hiyo haikukatika hata mara moja, nikamtangazia mama kwamba nimemaliza kazi. Kesho yake mchana ikakatika nikiwa bado najisifu.

Nikaibeba kompyuta na modemu yake hadi dukani kwa yule fundi tunayemwita Daktari, kwa sababu hugusa kila mashine kwa nyuma ya mkono kana kwamba anaipima homa. Akaifungua, akaipuliza, akaiunganisha na simu ya dukani kwake. Nilikaa kwenye stuli pale tangu alipofungua mpaka alipotaka kufunga. Haikukatika. Akaniambia modemu yangu ni nzima kuliko yeye, tatizo liko nyumbani. Nilirudi na maneno hayo, tatizo liko nyumbani, nikayageuzageuza kichwani njia nzima.

Sasa, nyumbani tupo wawili, na simu zipo mbili kwenye laini moja: ya sebuleni na ile ya chumbani kwa mama. Daktari alinieleza kuwa mtu akiinua mkonga wa simu ya pili wakati modemu inafanya kazi, laini inavurugika. Nikamuuliza mama kama huwa anainua. Akasema hainui, kwa nini ainue, asikilize bata? Nikamwomba basi niichomoe ile ya chumbani kwa siku chache, nipate uhakika. Kaka, mama yetu unamjua, ukimwomba kitu atakupa na mfuko wa kukibebea. Lakini aliniangalia kwa lile jicho jipya akasema, "Hiyo simu iache." Kisha akaendelea kukunja nguo. Nikaona alikuwa amekunja fulana ileile mara mbili.

Tangu hapo sikuwa natafuta ubovu tena. Nilikuwa natafuta sababu.

Siku iliyofuata nilimwomba aje akae nami chumbani kwangu wakati natuma kurasa, eti anisaidie kusoma majina ya picha. Alikuja na miwani yake. Mlango ulikuwa wazi na simu ya sebuleni tunaiona, ya chumbani hakuna mtu. Kwa kawaida kompyuta huwa nimeiagiza ipige tena yenyewe mara laini inapokatika, ila siku hiyo niliizuia, nione kitakachotokea. Mama akasoma jina la picha ya kwanza, la pili, kurasa zikakatika. Hakuna aliyegusa chochote. Na kabla sijasema neno, simu ya sebuleni ikaita.

Mama aliinuka kabla yangu. Mtu aliyekuwa akilalamika magoti tangu mwaka juzi alifika sebuleni mimi nikiwa bado nasukuma kiti. Akasema kwenye simu, "Ndiyo. Hapana, siyo sasa. Baadaye." Akaweka mkonga chini na kuniambia mtu amekosea namba.

Nilikubali kwa kichwa. Lakini mtu aliyekosea namba haambiwi baadaye.

Nikapeleka malalamiko kampuni ya simu, wakamleta fundi wao, dada mmoja mrefu mwenye simu ya majaribio iliyoning'inia kiunoni kama panga. Alifungua kisanduku cha ukutani, akachomeka waya zake, akasikiliza, akafunga. Akasema laini ni safi. Kisha akaniuliza kama tuna ile huduma ambayo mtu akikupigia ukiwa unaongea na mwingine, unasikia mlio mdogo sikioni, unamwambia wa kwanza asubiri na kumpokea wa pili. Nikamwambia sisi hatuna mambo hayo. Akapiga simu ofisini kwao, akasikiliza, akanitazama kwa namna ya mtu anayechagua maneno. Akasema ipo. Imewekwa kwa ombi la mwenye laini, ambaye alikwenda ofisini mwenyewe, kwa miguu yake.

Mwenye laini ni mama. Tuliihamishia kwake baba alipofariki, wewe mwenyewe ulitia saini.

Yule dada akanieleza mengine nikiwa nimesimama pale kama nguzo. Ule mlio mdogo, kwa mtu anayeongea, si kitu. Kwa modemu ni kama kupigwa kofi katikati ya sentensi. Inasahau ilichokuwa inasema na kukata. Kwa hiyo kila mtu anapotupigia wakati natuma kurasa, mlio unaingia na kurasa zinaanguka. Akaniandikia namba za kubonyeza mwanzoni kabla ya kupiga intaneti, zinazolaza huduma hiyo mpaka umalize. Nikamshukuru, akaenda zake. Jibu la waya nilikuwa nalo. Sasa nikabaki na swali la mama.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage, nikakaa upande wa pili wa sinia na kuanza kuchambua naye. Nikamwambia fundi amekuja. Nikamwambia alichokisema. Mama hakuinua uso. Akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni, akasema, "Nilijua utafika tu. Tangu mdogo hukuwahi kuacha kitu mpaka ukione ndani."

Ndipo akanieleza, nami nakueleza kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Ulipomshikilia akafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, pale wodini vitanda vilitenganishwa kwa pazia, upande huu wanawake, upande ule wanaume. Upande wa pili wa pazia alikuwapo mzee mmoja naye amefungwa bandeji. Mama alikuwa hawezi kulala, akawa anamuuliza muuguzi kama kumekucha. Muuguzi hakuwapo. Ile sauti ya nyuma ya pazia ndiyo iliyojibu kwamba bado, ila ndege mmoja ameshaanza, kwa hiyo si mbali. Wakaanza hivyo. Walizungumza muda wote waliokuwa pale bila kuonana. Yule mzee ni mpima ardhi mstaafu, mkewe alifariki zamani, watoto wake wana miji yao. Mama anasema alimweleza jinsi mto unavyohama na mpaka wa shamba unavyobaki palepale, na yeye, ambaye hajawahi kujali mpaka wa kitu chochote, alisikiliza mpaka dawa ya jicho ikapitwa na wakati wake. Walipofunguliwa bandeji kila mmoja alikuwa na haya ya kumtazama mwenzake. Nilimuuliza alimwonaje. Akasema, "Masikio makubwa." Akacheka, kaka. Alicheka akiwa ameshika konzi ya maharage, na sikumbuki mara ya mwisho nilipousikia mcheko huo.

Basi mzee akawa anapiga simu mchana, mimi nikiwa kazini mjini. Kisha wewe ukaleta kompyuta, mimi nikahamishia kazi nyumbani, na laini ikawa yangu mchana kutwa. Mzee akipiga anakuta inatumika. Leo inatumika, kesho inatumika. Akadhani mama ameutoa mkonga makusudi ili asimpate, akaacha. Mama alikaa anaisubiri ile simu ya chumbani na haiiti, na mimi ukuta wa pili nabonyeza vitufe. Mwishowe alikwenda kumpigia kwa jirani, akamtoa wasiwasi, halafu akaenda kampuni ya simu kuuliza nyumba yenye intaneti inawezaje kupigiwa simu. Wakampa huduma ile. Hakujua inakata kurasa zangu. Alipojua, siku ile alipokaa nami kusoma majina ya picha, alishindwa kuiondoa bila kueleza, na kueleza alikuwa hajawa tayari.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mimi hakuniogopa. Alikuogopa wewe.

Kaka, sikuandikii hili ili kukuchoma. Lakini ile siku shangazi aliposema mezani, tena kwa utani, kwamba mama bado kijana, anaweza kuolewa tena, wewe uliinuka na sahani yako ukaenda kulia chakula barazani. Mimi nilidhani yamepita. Mama hakudhani hivyo. Anasema aliiona nafasi yako mezani ikiwa wazi, na akaamua moyoni kwamba jambo hilo haliwezekani maadamu wewe upo hai.

Sasa nikueleze yaliyobaki. Mzee ameomba kumwoa mama. Mama amemjibu kwamba ana mtoto wa kiume, naye ndiye ataulizwa, na bila yeye hakuna neno. Mzee akasema atasubiri, kazi yake yote ilikuwa ya kusubiri watu wakubaliane mpaka uko wapi.

Na lingine ni langu. Sikukusubiri. Wiki iliyopita nilimkaribisha chai. Nilitaka kumwona, wewe waijua hali yangu nikiwa na swali. Alikuja amevaa koti lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Ana masikio makubwa kweli. Alitembea barazani kwa hatua zilizo sawa, akasimama, akasema baraza yetu imepinda kidogo kushoto, kisha akaomba radhi, akasema ni mazoea. Nilimuuliza wazi anataka nini kwa mama yetu, umri wote huu. Hakukasirika. Akafikiri, akasema, "Mwanangu, nyumbani kwangu nikiona kitu cha kuchekesha, sina wa kumwambia mpaka mchana ufike. Nimechoka kungoja mchana." Mama alikuwa anamimina chai. Ilijaa mpaka kwenye kisosi.

Baba namkumbuka kama unavyomkumbuka. Nililia usiku huo, sikufichi. Lakini asubuhi niliamka nikiwa sina ninachokilaumu.

Zile namba za kulaza huduma ninazo, kaka, nimezibandika juu ya kioo cha kompyuta. Asubuhi nazibonyeza, kurasa za mchapishaji zinakwenda moja kwa moja, na ameacha kuwa mpole, amerudi kunifokea. Mchana sizibonyezi. Mchana nazima kompyuta kabisa, nafanya kazi za kalamu, nasikia sauti ya mama ukutani bila kusikia maneno.

Ninachokuomba ni kimoja. Usinijibu mimi, wala usiandike. Mpigie yeye. Piga mchana. Huenda utamkuta anaongea na mtu mwingine, lakini simu itaita tu, naye atamwambia huyo mwingine asubiri ili akupokee wewe. Itachukua muda kidogo, maana anachanganya vitufe. Usikate.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote, na umwambie yule mkubwa kwamba picha aliyonichorea nimeiweka mezani. Mama anakusalimu, hajui kama leo napeleka barua posta, anajua tu kwamba nitakuandikia. Mola akulinde huko uliko, akupe afya na moyo mpana.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wenu