Magoti Yako na Chupa ya Soda

Mpendwa Mama Kulwa,

Usicheke huko uliko. Tangu tukuzike nimekonda kila mahali, isipokuwa mapaja.

Unaikumbuka siku ile, miaka ya Azimio la Arusha, tulipokwenda soko la Kanyenye kununua sufuria zetu za kwanza, ndoa haijatimiza hata mwezi? Vijana wa kulinda maadili walikuwa wametangaza kwamba suruali za kubana na magauni ya kuacha magoti wazi ni uhuni. Mimi, kabla ya tangazo lile, magoti yako nilikuwa nayaona magoti tu, ya kupiga chini wakati wa kusali. Yalipopigwa marufuku ndipo nikaanza kuyaota.

"Simama hapo, ndugu!"

Wakanitumbukizia chupa tupu ya soda ndani ya suruali, kiunoni. Ikidondoka hadi chini, uko huru. Yangu ikanasa pajani.

"Inabana!"

"Si suruali, ndugu zangu," ukasema. "Huyu mama yake kamlisha ugali bila huruma."

Soko likacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuponza. Kiongozi wao akanizaba kofi. Mwenzake akaipasua suruali kwa wembe kutoka kiunoni hadi kifundoni, na nyama yangu humohumo. Nikalia kama mbuzi. Hilo ulilisimulia kila harusi.

Kisha wakakugeukia. "Na huyu malaya, magoti nje!" Gauni likachanika. Wewe ukaiokota chupa kwenye damu yangu, ukamvunja nayo taya yule kiongozi. Rungu likatua kwenye paji la uso wako. Ukaanguka, wakakupiga mateke, ukainuka. Jicho moja limezibwa na damu, ukawauliza:

"Bibi yangu alilima kifua wazi, hakuna mwanamume aliyemrukia. Ninyi macho hayo mmefundishwa na nani?"

Wakakujibu kwa rungu la pili. Sikio lako la kushoto halikusikia tena.

Sasa sikiliza. Jana binti yetu Doto, mwalimu siku hizi, kateremka kwenye treni kavaa suruali. Hapahapa mtaani kwetu Chemchem kapigwa jiwe. Kaingia ndani damu inamchuruzika, na unajua nani kasema "Kajitakia"? Kulwa. Kaka yake, pacha wake! Doto alipomjibu, Kulwa akamnyanyulia mkono.

Nikaudaka. Ngumi sina, uzito ninao: nikamwangusha, nikamkalia, nikamuuliza swali lako lilelile.

Akahema weee. "Si kila mtu anasema hivyo, baba?"

Nikainuka, nikamwachia. Nikampa beseni la maji ya chumvi, amwoshe pacha wake mwenyewe. Alipofuta damu akakuta jeraha liko kwenye paji la uso, palepale lilipokuwa kovu lako. Akamtazama Doto kwa muda mrefu.

Macho yale kayatoa kwako, Mama Kulwa. Ndiyo kwanza yameanza shule.

Lala, mama. Zamu ya kufundisha ni yangu.

Mumeo aliyenasa chupa,
Baba Kulwa