Kikokotoo cha Mzee Shiraki

Morita, acha kazi usome. Leo nimesema uongo mbele ya chama kizima cha wakusanya vikokotoo vya kale pale Nipponbashi, mtaa wa maduka ya umeme, tena nimevaa glavu nyeupe.

Mzee Shiraki kaleta kikokotoo chake cha mwaka sabini na tatu, kile chenye tarakimu za kijani. Anataka kiwekwe kwenye kabati la kioo la chama. Sharti unalijua: kiwe hakijawahi kufunguliwa tangu kitoke kiwandani. Na mkaguzi ni nani? Mimi!

Sasa sikia, Morita! Mwaka juzi mkewe alikimwagia supu ya miso, akaniletea kwa siri huku analia: "Fundi, mume wangu akijua nimekwisha." Nikakisafisha, nikachomelea transista mbili mpya.

Basi leo mke yuko pale anamimina chai, jicho kwangu. Mzee anatamba: "Fungua, fundi! Humo hata vumbi ni la kiwandani!"

Nikashika bisibisi. Ndipo nikakumbuka. Sisi mafundi tukitengeneza kitu huandika jina na tarehe ndani ya kifuniko. Na mimi, mjinga, niliandika!

Nikafungua kidogo, nikachungulia. Jina langu lipo. Chini yake, mwandiko wa Mzee Shiraki: "Nilikifungua Aprili. Tafadhali usimwambie mke wangu kuwa najua."

Nikainua macho. Mzee ameikodolea macho dari.

Nikakaza skrubu. "Hakijaguswa," nikasema.

Mume na mke wakashusha pumzi kwa pamoja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Sasa kimo kabatini. Nenda kakitazame, ila usithubutu kucheka.